Soja wa Lavington na Bastola Yake

Jumatatu, 3 Machi

Tumeitwa na Bi Jacklyne, mwenyekiti wa wakazi wa hizi nyumba sita tunazolinda Lavington. Mimi na soja mwenzangu Muigai. Vioo vya pembeni vya gari la nyumba namba nne viling'olewa Ijumaa, mchana, sisi wawili tukiwa kazini. Muigai akawahi kusema alikuwa chooni. Hicho ndicho nilichotaka kusema mimi. Choo ni kimoja.

Uamuzi: Jumamosi wakazi watakutana. Mmoja wetu ataachishwa kazi, na mahali pake ataletwa askari mwenye bunduki. Bi Jacklyne alisema wezi wa siku hizi hawaogopi rungu.

Nikitolewa mimi, ni kurudi Mwingi kuchunga mbuzi wa shemeji yangu. Shemeji huyo huhesabu mbuzi mara mbili akijua nimechunga mimi. Siendi!

Nimewaza hadi jioni. Wanataka mtu mwenye bunduki, na soja mmoja abaki. Basi abaki soja mwenye bunduki. Muigai ana filimbi tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kwenye stoo, nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki. Kile kibunduki cha kupima joto tulichowaelekezea wageni kwenye paji la uso wakati wa korona. Kilikuwa cheupe. Nimekipaka rangi nyeusi ya viatu mara tatu. Kwa mbali ni bastola kabisa. Kwa karibu kinanuka viatu.

Nyumbani, mtaa wa Satellite, mke wangu Kavutha aliona vidole vyangu akauliza kama nimeanza kazi ya kung'arisha viatu. Nilimwambia mambo ya usalama hayajadiliwi na raia. Akasema raia ndiye anayepika. Tukayaacha hapo.

Jumatano, 5 Machi

Siku yangu ya kupumzika. Nimeenda mjini, River Road, kwa Kasyoki, fundi wa ngozi anayetoka kwetu. Nilitaka anishonee mfuko wa kiunoni. Akauliza simu ni ya ukubwa gani. Nikamwambia si simu. Akashusha sauti, akashona haraka, akaniita mkubwa. Miaka yote ameniita Nzula tu, tena kwa kelele.

Nikatoka na bastola yangu kiunoni, koti wazi ili ionekane. Silaha iliyofichwa humtisha nani? Nikapita barabara ya Tom Mboya polepole. Ghafla wachuuzi wakapiga mluzi, wakakunja maturubai yao na kutimua mbio. Nikageuka kuona askari wa jiji wako upande gani. Hawakuwepo. Waliyemkimbia ni mimi.

Mama mmoja muuza soksi alishindwa kukimbia kwa sababu ya goti. Akanitia jozi mbili mkononi, akasema biashara ni mbaya, nimhurumie. Nilimwambia mimi si askari. Akaongeza jozi ya tatu.

Nalala kwa furaha. Nani angemkimbia Muigai?

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza kazini na silaha. Nimevua koti la sare nikabaki na shati la bluu, maana koti linafunika kiuno. Wavinya, mfanyakazi wa nyumba namba mbili, ambaye kwa kawaida hunisalimia kwa kidevu, leo amesema habari ya asubuhi. Yote, mpaka mwisho.

Muigai alinitazama kiunoni mara nne. Akauliza nimeipata wapi. Nikamwambia mambo haya yana ngazi zake. Saa saba kitu kikalia piip chenyewe. Muigai akaruka na chai yake. Nikamweleza kwamba ndivyo inavyojifunga. Baadaye alipuliza filimbi bila sababu yoyote. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi



Saa nne asubuhi ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wakazi na masoja. Ni Bw. Quincy, mpangaji wa nyumba namba sita, aliyehamia Jumatano nikiwa mjini. Ameona mwanamume mwenye bastola karibu na geti. Mfupi, ana kitambi, anatembea kama mwenye mji. Bi Jacklyne akajibu kila mtu ajifungie ndani, polisi wameshaitwa.

Nilimchukia huyo mtu papo hapo. Anaingia geti langu na kitambi chake! Nikaanza msako. Nyuma ya matangi ya maji. Kwenye mapipa ya taka. Chini ya magari yote, kwa tumbo. Bw. Quincy akaandika kwamba jamaa amerudi, yuko mbele ya nyumba yake. Mimi nilikuwa hapohapo mbele ya nyumba yake na sikuona mtu! Nikaandika: wapi? Akaandika: sasa anaandika kitu kwenye simu. Nikazunguka nyumba mbio. Hakuna mtu. Mwizi huyu alikuwa na miguu myepesi sana.

Muigai alikuwa amejifungia chooni.

Polisi wakafika watatu, wakiongozwa na Koplo Peres, mama mrefu asiyecheka. Walitaka kuingia hivihivi. Nikakataa. Hapa haingii mtu bila kuandikwa. Hata askofu wa nyumba namba tatu huandikwa. Nikapitisha kitabu cha wageni katikati ya vyuma vya geti. Koplo akaandika. Jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia. Kwenye sababu ya kuja akaandika: kukamata mtu mwenye bastola.

Nikawafungulia. Nikamwambia afande kwamba nimemsaka mtu huyo tangu saa nne na nilikuwa karibu kumpata. Akatazama kiuno changu.

"Baba," akasema, "inua mikono. Polepole."

Bunduki mbili za kweli zikanigeukia. Niliogopa. Niliogopa hata jina la mke wangu likanipotea.

Akaomba cheti cha silaha. Nikasema sina, kwa kuwa si silaha. Akaichomoa kwa vidole viwili, akaniwekea kwenye paji la uso, akabonyeza. Piip. Nyuzi thelathini na moja. Konstebo akasema kwa kipimo hicho mimi ni maiti. Koplo hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, na kwamba watu huzikwa kwa vitu vya kuchezea kama hivi. Kisha wakanipekua mifuko. Soksi mpya, jozi tatu. Wakauliza za nini. Nikasema ni za miguu.

Kabla ya kupakiwa nilikumbuka kwamba wageni wanaondoka na kitabu kiko wazi. Pingu zilinizuia, ikabidi Muigai atoke chooni aniandikie. Saa ya kutoka: tano na dakika kumi.

Kituoni nimekaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja. Wameniachilia na onyo. Kipima joto kimebaki. Soksi pia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilienda mkutanoni nikiwa nimeshafunga begi la Mwingi. Kavutha aliniwekea chapati za safari.

Bi Jacklyne alisoma kitabu cha wageni kwa sauti, ukurasa wa jana. Alisema katika miaka sita hajaona soja aliyewaandikisha polisi, wala aliyehakikisha kukamatwa kwake kumeandikwa. Akasema pia kwamba bastola ilipoonekana, soja mmoja aliitafuta na mwingine alikuwa chooni. Tena. Bw. Quincy alipinga, akaulizwa nani mwingine angetambaa chini ya gari lake.

Nimebaki! Muigai ndiye anayeondoka. Alitundika filimbi kwenye msumari wa geti, akanipa mkono. Nilimwonea huruma hadi saa sita.

Sharti ni moja, nimetia sahihi: nisivae kitu chochote kiunoni, isipokuwa mshipi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mhubiri alisema tujifunze kutokana na makosa. Nilikubaliana naye. Kosa langu lilikuwa rangi ya viatu. Inanuka.

Askari mpya anaanza kesho, na bunduki ndefu. Wavinya atamsalimia nani kwanza? Nimekumbuka kwamba kwenye stoo kuna bomba jeusi la kunyunyizia maua dawa, refu, limevunjika mpini tu. Kasyoki anaweza kulishonea mkanda.

Nimeisoma tena karatasi niliyotia sahihi, mara mbili, neno kwa neno. Imetaja kiuno. Bega haikulitaja.