Wingu Jekundu la Hewa Bora

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe, na nilikuwa nimevaa shati la kupigwa pasi. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana mtaa wote wa Hewa Bora umeona.

Mnajua kazi yangu: natengeneza picha za majengo kwa kompyuta, zile za kumwonyesha tajiri nyumba yake kabla tofali la kwanza halijalala. Tangu vita vya mashariki vishike moto, hakuna anayejenga. Ofisi ya wasanifu niliyokuwa nafanyia kazi imefunga mlango. Nimebaki na kompyuta, umeme wa kuja na kukatika, na mteja mmoja.

Mteja huyo ni Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla aliyekimbia Goma na familia yake. Sasa anaanza upya hapa kwetu na maharage na mafuta ya kupikia. Hakutaka picha ya duka. Alitaka mbingu.

"Petit, mdogo wangu," aliniambia, "mama yangu, tangu tufike huku, hajacheka. Anageukia tu ukuta. Anasema mbingu ya Lubumbashi haina kitu."

Nilitaka kuutetea mji wangu, kisha nikatazama juu. Ni kiangazi. Tangu mvua za mwisho hatujaona wingu hata la dawa. Bluu tupu, na vumbi chini yake.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hii: nyumba yao ya Goma, ambayo hakuna anayejua kama bado imesimama, na juu yake mbingu ya kwao, na mlima Nyiragongo nyuma. Ionyeshwe ukutani kwa projekta siku familia imekusanyika. Mama yake, bibi tunayemwita Koko Kavira, aione, pengine moyo wake utulie. Hiyo tu.

Wingu, ndugu zangu, si kama jengo. Jengo lina kona, unalishika. Wingu ni ukungu: unaieleza kompyuta jinsi mwanga unavyoingia humo, unavyopotea, unavyotokea upande wa pili umechoka. Wingu langu la kwanza lilifanana na bukari, ugali wetu, iliyolala sahanini (dada yangu aliuliza mboga iko wapi). La pili lilikuwa pamba. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya hesabu, naanza tena. Ukikatika tena, naanza tena. Nilijiambia wingu hili nitaliweza, hata kama kiangazi kitaisha na yale ya kweli yarudi kunicheka.

Na nikaliweza. Jana lilitoka. Zito chini, jepesi juu, kingo zinayeyuka. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Ila niliona bado lina upungufu fulani. Basi nikaongeza wekundu.

Niacheni nieleze huo wekundu, maana ndio ulioniponza. Nilipokuwa mtoto, kiwanda cha shaba kilikuwa bado na nguvu. Jioni walipomwaga mabaki ya moto ya kuyeyusha shaba kwenye kilima chao cheusi, tumbo la mawingu lilikuwa jekundu juu ya mji. Baba alituita nje: "Batoto, muangalie, kazi iko." Wekundu ule maana yake ilikuwa unga ndani ya nyumba. Kisha kiwanda kikaanguka, mbingu ikazimika, na baba akaacha kutuita. Kwangu mimi hakuna rangi nzuri kuliko ile. Nikaipaka chini ya wingu la Koko, juu ya mlima kabisa, na sikubana mkono.

Leo alasiri sebule ya Papa Kambale imejaa. Wajomba, shangazi, watoto, watu wa kanisa lao. Mapazia yamefungwa, jenereta inanguruma nje. Mke wake, Mama Deborah, ameweka sufuria ya maharage mezani. Koko amegeuziwa kiti. Nikatoa hotuba fupi (hakuna aliyeniomba). Nikawasha.

Macho yote yakaenda ukutani.

Kisha Koko akasimama. Koko huyu huyu ambaye hushikwa mikono miwili kwenda msalani. Shangazi akasimama. Wote wakasimama.

Mimi nikajua napewa heshima. Nikainama, mkono kifuani, kama mwanamuziki. Nikasema, "Attendez, ngojeni! Mawingu yanatembea pia." Nikabonyeza.

Wingu likaanza kuvimba. Wekundu ukashuka taratibu kwenye mteremko, kuelekea nyumba.

Koko akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye uzoefu: "Mulima imepasuka. Mukamate batoto."

Hakuna aliyeuliza swali. Hawa watu wamekimbia volkano, wamekimbia vita, wanajua kukimbia kuliko mimi ninavyojua kutembea. Shangazi alikuwa na mtoto kila kwapa. Mjomba alishabeba dumu la maji. Mama Deborah akanisukumia sufuria kifuani: "Weye, beba hii!" Koko akanivuta shati: "Kijana, unangoja nini? Kimbia."

Na mimi nikakimbia.

(Ndiyo. Mimi. Mwenye wingu.) Naapa miguu haikuniuliza. Ukimwona bibi wa umri ule anakupita mlangoni, akili inakaa pembeni. Kiatu kimoja kilibaki sebuleni.

Tulifika mpaka kona ya barabara, pale panapouzwa makala, yaani mkaa. Mama muuza makala akainuka kwenye magunia yake. "Munakimbia nini?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Wingu."

Akatazama juu. Bluu, toka upande mmoja mpaka wa pili. "Wingu gani?"

"Ile... ile mi nilitengeneza."

Hapo ndipo nikasikia ninachosema. Na kona nzima ikanisikia.

Papa Kambale alifika akihema, akataka kujua moto ule niliuweka wa nini. Nikamweleza habari ya kiwanda na baba yangu, kwamba kwetu wingu jekundu ni habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Petit," akasema, "kwetu, rangi ile ikikuwa kidogo, tunalala. Ikikuwa mingi vile, tunaacha hata viatu." Akautazama mguu wangu wenye soksi.

Nilitafuta shimo la kujificha, nikaona magunia ya makala tu, nayo yamejaa. Aibu ya watu wa kona ningeivumilia. Kilichoniuma ni Koko. Nilitumwa kumletea mbingu yake, nami nimemletea siku aliyokuwa akiikimbia. Nikamgeukia nimwombe msamaha.

Alikuwa ananitazama. Soksi moja ya bluu, sufuria kifuani nimeikumbatia kama mtoto wa ndugu yangu, na hata harage moja halijamwagika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakalia gunia la makala na kitenge chake cha sherehe, na Papa Kambale akageukia upande mwingine akijipangusa macho.

"Kijana," Koko akasema alipopata pumzi, "wingu ndo ile yenyewe. Niliiona vile kila asubui. Toa tu moto."

Tukarudi, mimi nyuma na sufuria. Nikautoa wekundu wote, hata ule wa baba. Koko akakaa mbele ya picha, hakutaka mtu azime. Amegeukia ukuta tena, lakini safari hii ukuta una mbingu.

Mama muuza makala tayari ameniuliza kama kesho wingu langu litapita, ili afunike magunia. Hiyo nimeipokea. Ila ninyi, tafadhali, msinicheke. Ruhusa ya kucheka amepewa Koko peke yake, na mpaka naondoka alikuwa hajamaliza.