Malalamiko Kuhusu Safari ya Antigua na Hali Aliyorudi Nayo Binti Yangu

Gaithersburg, Maryland
12 Mei 2007

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Matembezi,
Ushirika wa Waswahili, Laurel.

Ndugu Ferdinand,

YAH: MADHARA YA SAFARI YA GUATEMALA NYUMBANI KWANGU

Bwana asifiwe. Mwili wangu ni mzima. Kilichonikalisha mezani leo kabla ya zamu ni mambo mengine, na nimeona niyaandike kwa utaratibu, kwa kuwa nikiyasema kwa mdomo pale kanisani utanipa chai na yataishia hapo.

Unanifahamu. Mimi ni Mugo, yule anayekaa benchi la nyuma karibu na mlango, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee. Juma Kuu lililopita mimi, mke wangu Wairimu na binti yetu Nyaguthii, ambaye yuko shule ya sekondari, tulisafiri na kamati yako hadi Antigua, mji wa milimani kule Guatemala. Tangazo lako liliahidi mapumziko, mandhari na utamaduni. Sina ugomvi na mapumziko, maana hatukuonana nayo. Malalamiko yangu ni juu ya hayo mawili mengine.

1. Kuhusu mlima. Ulitupandisha volkano ya Pacaya. Mimi nimezaliwa Kirinyaga, kwenye mteremko. Utoto wangu wote nilipanda na kushuka, nikienda shule, nikiteka maji, nikitafuta mbuzi wa jirani, na hakuna aliyenipiga picha wala kunipongeza. Nilipohamia Maryland, lifti zilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote. Sasa kule Pacaya wenye farasi walitufuata nyuma wakiita "taksi, taksi," na katika kundi lote macho yao yalikuwa kwangu. Bi Mwatumu wa Temple Hills, ambaye ana umri wa mama yangu, alimkataa farasi akaendelea kutembea na fimbo yake. Mimi nilimpanda. Kule juu tukakuta uji wa moto unatambaa kwenye mawe, na badala ya watu kukimbia, walichomeka peremende laini kwenye vijiti wakazichoma. Wairimu, muuguzi anayenizuia kuongeza chumvi kwenye mayai, alikula peremende za volkano mpaka kiongozi wa msafara akasema tushuke.

2. Kuhusu magofu. Tulionyeshwa makanisa yaliyoangushwa na tetemeko la ardhi miaka mingi iliyopita. Hayana paa, nyasi zimeota palipokuwa na madhabahu, na watu hutoka nchi za mbali kuja kusimama humo na kunong'ona. Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana nilipanda ngazi na ndoo ya lami kuziba paa la ukumbi wetu pale Laurel. Hakuna aliyeniambia kwamba tunaharibu kivutio. Napendekeza kamati ya ukarabati ivunjwe, mvua iachwe ifanye kazi yake, na wajukuu wetu watafaidika na wageni.

3. Kuhusu kahawa. Hapa naomba usome polepole. Nilichuma kahawa kabla sijajua kusoma. Nilichuma kwenye baridi ya alfajiri na vidole vinanata, nikabeba gunia hadi kiwandani, na nilipopanda ndege nilijiambia kwamba mimi na mti ule tumemalizana. Wewe ni mtu wa Mbinga, kahawa unaijua vilevile. Hata hivyo ulitupeleka shambani, ukatufungisha vikapu kiunoni, na kazi niliyoikimbia ukaiita burudani.

Aliyetupokea ni mama mmoja mtu mzima, Doña Tomasa, mwenye shamba. Alitufundisha kuchagua zilizoiva na kuacha mbichi. Nyaguthii, ambaye nyumbani sahani yake humshinda kuiondoa mezani, alichuma mpaka jua likawa utosini. Kisha akanijia na kikapu chake, akaniuliza kama Cucu, yaani mama yangu, ana miti kama hii. Nikasema anayo kidogo. Akauliza kama huchuma mwenyewe. Nikasema mara nyingine. Akanitazama, akarudi shambani.

Kamati ielewe kwamba tangu mtoto huyu azaliwe hapa, kila alipouliza kuhusu nyumbani nilimweleza kuwa kuna matope, baridi, na hakuna cha kuona. Lilikuwa jibu zuri. Lilitutosha sote, na kwa jibu hilo hatukuhitaji kuomba likizo. Mmelivunja asubuhi moja.

4. Kuhusu lugha. Bi Mwatumu anajua Kiswahili tu. Doña Tomasa anajua Kihispania. Nyaguthii anasoma Kihispania shuleni, na Kiswahili alikuwa anakisikia bila kukisema. Bi Mwatumu akamshika mkono. "Mwanangu, hebu niulizie huyu mama, magoti yake yanamsumbua kama yangu?" Hakukuwa na mwingine wa kumsaidia, kwa hiyo mtoto akaanza kusema Kiswahili mbele ya watu. Mwanzo kilikuwa cha kuokoteza. Alisema "kahawa kimeiva," na Bi Mwatumu akamwambia "imeiva, mwanangu," bila kucheka, wakaendelea.

Wale mama wawili walikula chakula cha mchana wakiongea kupitia binti yangu. Waliongea magoti, wakaongea waume waliofariki, halafu wakafika kwa watoto. Doña Tomasa akasema ana mwanawe huku kwetu Maryland, anajenga nyumba za watu, na hupiga simu kila Jumapili bila kukosa. Bi Mwatumu akauliza huwa anakuja kumwona lini. Doña Tomasa akajibu, na Nyaguthii akatafsiri, "Anasema haji. Mwanawe humwambia huku kwao hakuna cha kuona."

Maneno hayo yalikuwa ya kumjibu Bi Mwatumu. Lakini alipoyatafsiri, mtoto alikuwa ananitazama mimi. Naiuliza kamati: huo ni utamaduni wa aina gani, wa kumshtaki mtu katikati ya chakula?

5. Kuhusu mazulia. Ijumaa Kuu tulikuta barabara zimetandikwa mazulia ya vumbi la mbao lililotiwa rangi, pamoja na maua na majani ya misonobari. Familia moja ilikuwa bado imepiga magoti ikimalizia ndege wa kijani pembeni, baba, mama na bibi yao kwenye kigoda akitoa amri. Maandamano yakaja na sanamu mabegani, yakapita juu ya zulia, na kazi yote ikaisha. Nilitaka kujua kwa nini wasipitie kando. Nyaguthii akawauliza, kisha akaniambia, "Wanasema walitandika ili wapite. Walijua watapita leo." Wairimu alilia waziwazi. Mimi kazini nawaaga wazee wanaofariki na silii, kwa hiyo kilichonitoka machoni ni lile vumbi. Tangazo lenu halikutaja vumbi.

6. Kuhusu hali ya sasa. Zamani nilisema Kiswahili, mtoto akanijibu Kiingereza, na katikati palikuwa na nafasi ambapo mzazi angeweza kujificha. Akisema "whatever" mazungumzo yalikuwa yamefungwa, kila mtu akaenda chumbani kwake kwa amani. Sasa anakuja jikoni na adabu alizofundishwa na Bi Mwatumu, ambaye humpigia simu kila wiki kumsahihisha. "Shikamoo, baba. Tunakwenda lini kwa Cucu?" Kwetu hatukuzoea shikamoo. Nimejikuta naitika marahaba, na mtu akishaitika marahaba hawezi tena kujifanya hakusikia swali.

Isitoshe, amempigia mama yangu mwenyewe. Mama naye akanipigia mimi akiuliza ni nani yule msichana anayesema kama mtu wa pwani, na kwa nini analia akiongea naye. Jumamosi napelekwa mlima wa Sugarloaf, huku huku Maryland, eti tujizoeze milima ya kwetu, na watu walioacha magari yao chini ya mlima hunisalimu njiani kana kwamba nimekuja kwa hiari.

Kwa sababu hizo naiomba kamati: kwanza, imwandikie Nyaguthii rasmi, kwa muhuri wa Ushirika, kumweleza kuwa Kirinyaga haina mlima, ukungu wala kahawa ya kustahili nauli. Pili, Bi Mwatumu apumzishwe kupiga simu. Tatu, nirudishiwe binti katika lugha na hali mliyompokea nayo uwanja wa ndege. Yasipotekelezwa kabla ya mwezi kwisha, nitalifikisha suala hili kwa wazee wa kanisa, na nitaomba kiti cha mbele siku hiyo.

Wasalimie wote: wanakamati, wanakwaya, wapika chai, na mke wako aliyenifunga bandeji ya kidole cha mguu kule Pacaya bila kuuliza nilijikwaaje nikiwa juu ya farasi.

Wako katika Bwana na katika malalamiko,

Mugo

Tanbihi: Nilipoiacha barua hii mezani nikaenda zamu, kumbe Wairimu ameisoma. Aliandika tu tarehe za Desemba pembeni mwa kalenda ya jikoni, na mimi nimeshaomba likizo. Tutakwenda sote watatu, na Bi Mwatumu amekubali kutusindikiza. Kama kamati bado haijaamua safari ya mwisho wa mwaka, nyuma ya boma letu kuna mgongo wa kilima ambao asubuhi, ukungu ukiondoka, mlima wote unauona mpaka theluji. Hakuna aliyewahi kuupanda kwa kufurahi, lakini mandhari yake ni mazuri kuliko yote uliyotuonyesha. Leteni viatu vya matope. Mama aliuliza kama amalize kuchuma kabla hatujafika, ili wageni wasimkute na kazi. Nimemwambia aiache miti iliyo karibu na nyumba, asiiguse mpaka tuje.