Difu ya Kubana na Barafu ya Machi

Jumanne, 11 Machi

Aibu! Nimevutwa na Rollie Kesti mbele ya watu. Nilikwenda ziwani kutoa kibanda changu cha kuvulia samaki, maana sheria ya jimbo inataka vibanda vyote viwe vimetoka kwenye barafu kufikia Jumatatu. Karibu na ufuko gurudumu moja likaanza kuzunguka bure. Kompyuta ya pikapu ikaona, ikalishika breki, ikapunguza nguvu za injini, ikawasha taa ya manjano. Nikakanyaga mafuta. Ikapunguza zaidi. Gari langu mwenyewe linanikataza!

(Ni la Ardis, mke wangu. Analitumia kusambaza barua za mashambani. Lakini theluji ninaifuta mimi.)

Jirani Rollie akanivuta huku akinywa kahawa. Akasema gari langu lina akili kuliko dereva, bora niliache lijiendeshe. Kibanda kimebaki kulekule ziwani.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata dawa ya Rollie. Difu ya kubana, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu! Nimeinunua kwa muuza vipuri, imetoka kwenye gari bovu, iko kamili. Ina sahani ndani zinazoyabana magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Moja likiteleza, la pili linasukuma. Hakuna kuomba ruhusa kwa kompyuta.

Ardis aliwahi kuniambia nisiguse kitu chochote chini ya pikapu ile. Kesho ana likizo, anakwenda kwa dada yake mjini Duluth, na dada mwenyewe anakuja kumchukua. Nimekula viazi viwili tu.

Alhamisi, 13 Machi

Imeingia! Nimemwaga mafuta, nimechomoa ekseli, nimetoa difu ya zamani, nimepachika mpya. Kila gari lilipopita barabarani nilizima taa. Nimebaki na kipande kimoja cha bati chembamba. Sijui kilitoka wapi. Nimekitia mfukoni.

Difu ilikuja na kichupa cha dawa ya kuchanganya na mafuta. Ujanja wa wauzaji. Mafuta ni mafuta. Nimekiweka rafuni.

Ardis amerudi, amenibusu, ameuliza kwa nini nanuka gereji. Nimesema nilikuwa nafagia.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Ardis alitoka na barua kabla ya mapambazuko. Alipokata kona ya kwanza nilisikia nikiwa kitandani: gari linanguruma. Mguno mrefu, kutoka nyuma. Basi, nimekumbuka kichupa: bila dawa ile sahani zinakwaruzana.

Nilikaa dirishani asubuhi nzima. Barabara ilikuwa kioo cha barafu. Nilimwona kwa mawazo yuko mtaroni, barua zimetapakaa kwenye theluji, na mimi namweleza mama yake. Aliporudi nilitaka kumkumbatia, lakini angeshuku. Akasema gari linaguna kila kona, na kwenye mteremko wa akina Halvorson mkia ulitaka kumpita. Taa ya manjano haikuzima njia nzima. Akauliza kama nimeligusa. Nikasema ni baridi.

Nilipaswa kumwambia. Niliogopa. Uamuzi: kesho nitoe kibanda, Rollie aone, kisha Jumapili nirudishe difu ya zamani kimyakimya.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimejifunika mablanketi.

Barafu ya Machi katikati bado nene, lakini ukingoni imeoza. Najua. Kila mtu hapa anajua. Kompyuta na difu zilikuwa zikigombana, basi nikabonyeza kitufe hadi kompyuta ikanyamaza. Kibanda nyuma. Magurudumu yakauma yote kwa pamoja. Tukaenda! Rollie alikuwa ufukoni na kikombe chake. Nikampungia.

Nyuma kukaguna. Sikujali. Difu hiyo, nikasema, inaguna tu ikikata kona.

Halafu nikatambua kwamba nilikuwa nakwenda moja kwa moja.

Iliyokuwa ikiguna ni barafu. Nikakanyaga mafuta. Yote mawili ya nyuma yakateleza kwa pamoja, mkia ukazunguka, barafu ikapasuka, nyuma ikazama hadi kwenye ekseli. Maji meusi! Nilipanda juu ya boneti nikimwita Mungu kwa Kinorwe cha bibi yangu, ambacho sikijui.

Rollie akasogea ufukoni, akauliza kama nataka mkanda wa kuvutia gari. Nikasema hapana, asijisumbue. Akasema si usumbufu wowote. Nikasema aa, niko sawa tu. Sasa huku kwetu mtu mwenye adabu hukubali anapoulizwa mara ya tatu. Nikasubiri ya tatu. Barafu inalia chini yangu, nasubiri. Rollie akanywa kahawa, akasema hapendi kumlazimisha mtu, akarudi kukaa kwenye gari lake.

Nilikuwa nakufa kwa adabu. Kisha Ardis akatokea akikimbia. Mji mzima ulikuwa umeshampigia simu.

“Rollie, mfungie mkanda,” alisema. “Ndiyo, ndiyo na ndiyo. Nimemkubalia zote tatu.”

Nikateleza kutoka kwenye boneti, nikafumba macho nife. Maji yakafika magotini.

Pikapu imetoka, kibanda kimetoka. Rollie alichungulia chini, akaiona difu mpya, akamwambia Ardis. Jirani gani huyu! Njiani Ardis hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, “Gari nitapata jingine. Nilipofika sikuliangalia gari, Delmar. Nilikuwa nakutafuta wewe.” Nililia.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi tumerudisha difu ya zamani, Ardis akinishikia taa. Taa ya manjano imezima. Akanitaka niape, mkono juu ya Biblia ya mama yake, kwamba sitagusa tena difu ya nyuma. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Sasa yuko kanisani, mazoezi ya kwaya. Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja: nguvu zote nilizipeleka nyuma, ndiyo maana mkia ukazunguka. Pikapu inavuta mbele pia. Na kwenye kiapo, difu ya mbele Ardis hakuitaja kabisa.

Tayari nimeshaweka jeki. Naogopa tu kwaya itamaliza mapema.