Bima Wamemwita Mke Mwenzangu

Jamani, leo nimepatikana. Mchana kweupe, hospitalini Korogwe, mbele ya foleni nzima. Nawaandikia nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, na bado nasikia vicheko. (Huenda ni kuku. Sina hakika tena na chochote.)

Wengi wenu mnanijua kama Mama Zawadi, fundi cherehani wa Misima. Msichokijua ni kwamba nina homa ya ini. Ile ya C. Nilificha miezi yote hii, hata shoga yangu wa karibu nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Nawaambia leo kwa sababu siri imekwisha kufa, na nimeizika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Dawa yake ipo na inaponya. Bei yake ndiyo inaua. Nilipotajiwa mara ya kwanza niliomba kiti. Bahati nzuri Baba Zawadi ni fundi mitambo kwenye shamba la mkonge kule Ngombezi, na tangu mwekezaji aje, wafanyakazi wamekatiwa bima, wao na familia zao. Bima wakasema sawa, tutalipia, ila dawa hii ni ghali, lazima kitoke kibali maalumu. Subirini.

Tumesubiri, jamani! Daktari anasema ini halingoji, bima wanasema mngoje, na mimi nimekaa katikati nashona. Kila nikisikia mlio naruka nikidhani ni simu, kumbe ni kengele ya shule. Wiki iliyopita nilimshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. (Alilivaa. Mungu ambariki.)

Leo asubuhi niliiacha simu nyumbani inachajiwa, nikapeleka sare za watoto shuleni. Kurudi, namkuta mama mkwe kasimama mlangoni, simu kaishika kwa mikono miwili kama yai.

"Bima wamepiga," akasema.

Nikaipokea simu.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamesema kibali kimetoka. Dawa zipo."

Nikapiga kigelegele. Kigelegele hakijaisha, akaongeza: "Ila wamesema aje mwenza. Leo leo, kabla hawajafunga. Bila mwenza hazitoki."

"Aje nani?"

"Mwenza. Mke mwenzio."

Kigelegele kikakatika hapohapo. Nikamwambia, mama, labda hukusikia vizuri. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu, mimi nimeolewa mitala miaka yote ya ndoa yangu. Neno mwenza utanifundisha wewe?"

Nikampigia Baba Zawadi. Kule kiwandani mashine za mkonge zinanguruma, na yeye anaongea kama yuko ng'ambo ya mto.

"Baba Zawadi! Ni kweli bima wamemwita mwenza?"

"Eee! Na mimi wamenipigia! Mwenza aje leo!"

"Kwa hiyo unamjua?"

"Nini?"

"Nasema unamjua?"

"Nakuja! Nimeshaomba ruhusa! Nimefurahi mno, tukutane hukohuko!"

Ikakata. Amefurahi mno, jamani. Amefurahi mno!

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kanga. Doti mpya, haijakatwa. Ile nyekundu niliyoimezea mate tangu aletewe na binti yake, nikaiomba, akasema ana kazi nayo. Nikamuuliza ya nini. Akasema mgeni hapokelewi mikono mitupu, wala kosa si la yule mwanamke. Nikasoma maandishi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Mama! Mgonjwa ni mimi!"

"Si ndivyo ilivyoandikwa? Utapona."

Ndani ya basi nilikaa dirishani na sikuona hata mti mmoja. Kwanza nilikuwa na hasira. Halafu, sijui tulikuwa tumefika wapi, hasira ikanitoka ikaingia hofu, na hofu ndiyo mbaya. Maana nilianza kupiga hesabu zangu. Kama kuna mke mwingine, na jina lake ndilo lililoko bima, basi mimi bimani sipo. Kama sipo, dawa sipati. Na kama dawa sipati... Hapo nikaacha kuhesabu. Nina Zawadi wa darasa la tatu, bado hajui kujisuka nywele mwenyewe.

Kisha wazo lingine likaja: ina maana na yeye ana homa ya ini? Mwanaume gani huyu anayechagua wanawake kwa ini?

Mama mkwe pembeni yangu ananifariji. "Usihangaike. Mimi na mwenzangu tulitwanga kinu kimoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kusonga bada ya muhogo isiwe na madonge. Alipofariki nililia kuliko nilivyomlilia mume." Nia yake ilikuwa njema, najua. Lakini kwa wakati ule nilitamani dereva asimame nishuke, nitembee peke yangu.

Tukafika. Nje ya chumba cha bima kuna benchi refu, limejaa. Na pale mwisho wa benchi, nani? Baba Zawadi, na ovaroli lake la kazini, ananichekea mpaka magego yanaonekana. Na ubavuni kwake, mdada. Mweupe, mnene kiasi, kasuka vizuri. Na kofia ya mume wangu iko mapajani kwa mdada!

Nikasema kimoyomoyo, haya. Ndiye huyu.

Sikuwa peke yangu kufikiri hivyo. Mama mkwe alinipita kwa kasi ambayo sijaiona tangu nimeolewa kwake, akafika benchini, akamkumbatia yule mdada, akamfunika kanga kichwani. "Karibu mwanangu, karibu nyumbani!" Na vigelegele juu!

Mdada macho yamemtoka. Baba Zawadi kasimama, mdomo wazi. Na hapohapo mlango ukafunguliwa, dada wa bima akachungulia, akaita kwa jina la Baba Zawadi:

"Mwenza wa bwana Mhina aingie!"

Sasa hapa, jamani, ndipo mlipotakiwa kuwepo mnizibe mdomo.

Nilikwenda nikasimama mlangoni, mkono huku, mkono huku. "Haingii mtu hapa!"

Dada wa bima akasema kwa upole, "Mama, tunamwita mwenza wa bwana Mhina."

"Nimesikia! Na haingii! Mnampa dawa yeye kwa ini lipi? Ini ni langu! Homa ya ini ni yangu! Mnapima virusi vyangu, halafu dawa mnampa mwingine? Virusi ni vyangu mimi, vyote, sigawani na mtu!"

Hata mtoto aliyekuwa akilia sindano alinyamaza anisikilize. Na kwenye benchi, watu wawili kutoka kwa mdada, nikamwona mteja wangu wa Misima. Yule wa mikono miwili ya kushoto. Kalivaa.

Dada wa bima akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, wewe ni nani yake bwana Mhina?"

"Mkewe! Wa ndoa!"

"Basi mwenza ni wewe."

"Mimi si mwenza! Mimi ni mke!"

"Sisi bima tunamwita mwenza, mama. Mume ni mwenza wa mke, mke ni mwenza wa mume. Bwana Mhina ana mwenza mmoja tu, na dawa ni zako. Tulikuita uweke alama ya kidole."

Nikashusha mkono mmoja. Halafu wa pili. Nikamwangalia Baba Zawadi, akaniuliza taratibu, "Kwani ulidhani ni nani?" Nikamwonyesha mdada kwa kidevu. Mdada akainua mguu kutoka chini ya benchi, umefungwa bendeji mpaka kwenye goti.

"Mimi nimekuja kusafishwa kidonda," akasema. "Kofia nilimwomba nijipepee. Ila asanteni kwa kanga."

Walicheka, jamani. Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Dada wa bima alijitahidi, alijitahidi sana, mwisho akaingia ndani akafunga mlango, tukamsikia anachekea humo.

Na hayakuishia hapo. Nikaitwa ndani, nikaweka kidole kwenye kimashine chao, kikakataa. Weka kingine. Kikakataa. Ufundi wa cherehani, sindano na kusukuma vitambaa, umenikwangua vidole mpaka vimekuwa laini kama sabuni. Nimefukuza mke mwenza asiyekuwepo, nimetangaza ini langu Korogwe nzima, halafu nirudi mikono mitupu kwa sababu ya kidole? Nje nasikia watu wanaulizana, "Kimekubali?" "Bado." Dada akasema, "Mama, mikono inatetemeka. Hebu pumua kwanza."

Nikapumua. Nikaweka dole gumba. Kikalia pi!

"Kimekubali!" dada akapaza sauti, na korido nzima ikapiga makofi. Mteja wangu akapiga mluzi.

Nililia. Sioni sababu ya kuwaficha, mmeshajua mengi mabaya kuliko hayo. Dada alinikabidhi chupa ya dawa, ndogo hivi, inaenea kiganjani, nikatoka nayo koridoni nikalia kwa kwikwi mbele ya watu walewale. Baba Zawadi akanishika bega, ovaroli linanuka mkonge, akasema, "Nilikuambia nimefurahi mno." Ni kweli aliniambia. Nilikuwa nimeichukua furaha yake nikaitafutia mwanamke.

Tulipokuwa tunaondoka, mdada wa kidonda akataka kurudisha kanga. Mama mkwe akaipokea, akaikung'uta, nikajua hiyo inarudi sandukuni. Kumbe akanigeukia mimi, akanifunika mabegani.

"Mwenza si wewe? Haya, karibu mwanangu."

Nimekuwa kwake mwaka wa kumi na moja huu. Leo ndiyo nimepokelewa.

Sasa naomba jambo moja. Nikija gulioni mtu asinisalimie kwa ini. Anayetaka kucheka acheke kwake, na mwenye kitambaa cha kushona alete, vidole vimeshatulia.

Huyo Baba Zawadi anagonga mlango. "Mwenza! Toka uje umeze dawa!"

Nimeitika. Ningefanyaje? Nilishasema mwenyewe, virusi ni vyangu vyote.