Kibao cha Njia ya Wastani na Magoti ya Mama Mkwe

Kwa Meneja,
Ofisi ya Matembezi ya Jangwani.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHA KIBAO CHENU KABLA YA JUMAMOSI

Napenda kuitangazia ofisi yako, kwa heshima zote, kwamba nimeondokewa na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Uliugua tangu nitoke kwenu, ukatutoka jana asubuhi bafuni. Mfiwa ni mimi peke yangu, maana mke wangu anacheka.

Mimi ni kinyozi. Nasimama kutwa nzima juu ya sakafu ya saruji, kwa hiyo sitaki kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kukaa. Tulikuja kwenu likizo watu watatu: mimi, mke wangu, na mama yake mzazi, muuza vitambaa mstaafu, mwenye magoti. Hotelini tulikuta karatasi yenu ya rangi inayotaja njia tatu za kutembea jangwani kwa siku moja: rahisi, wastani na ngumu. Nikachagua wastani. Nilichagua mbele ya watu, simu ikiwa kwenye spika na shemeji yangu akisikiliza, tena nilisema wazi kwamba mimi binafsi ningekwenda ngumu, ila namhurumia mama. Shemeji, ambaye ni mlinzi wa benki na ukoo mzima unamwita Komando, alijibu, “Sawa shemeji, mhurumie mama. Na yeye akuhurumie.” Nililipuuza neno hilo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua. Karatasi yenu inaahidi “mandhari ya wazi”. Ni kweli. Pako wazi kama kipara, na vipara mimi navijua kwa kazi. Mti niliouona ni mmoja tu, nao ulikuwa umechorwa kwenye karatasi yenu.

2. Mchanga. Ukipiga hatua unarudishwa nusu. Mtu anahangaika asubuhi nzima yuko palepale, nanyi mnayaita hayo matembezi. Mimi dukani kwangu niko palepale mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuniita mtalii.

3. Watembeaji wenu. Kuna mzee mmoja mwenye fimbo mbili, utadhani ana miguu minne na yote mizima. Alinipita akienda, akanisalimu. Akanipita akirudi, akanisalimu tena kwa furaha ileile. Mtu mstaarabu angetazama pembeni.

4. Hili ndilo kubwa. Pale njia inapoanza kupanda, penye jiwe lenye kivuli cha kumtosha mtu mmoja, niliyatazama magoti ya mama mkwe nikaona yanateseka. Yeye hakusema kitu. Watu wa rika lake hawasemi. Tena alikuwa ametutangulia mbali, jambo linaloonyesha alivyotaka mateso yaishe haraka. Basi nikatoka kwenye kivuli kile, nikakata shauri kiume: nikageuka nirudi kumwandalia gari. Kufungua madirisha, kuwasha kiyoyozi, kulaza kiti. Kiti ilibidi nikijaribu mwenyewe, nami nilikijaribu mpaka yeye na mke wangu waliporudi, jua likiwa limeshainama. Hebu fikiria, Ndugu Meneja, mama wa watu kuchelewa kiasi kile, na magoti yale. Kama huo si ushahidi kwamba njia yenu ni ngumu, sijui mnasubiri nini, maiti?

5. Picha. Kabla hatujaanza, mke wangu alinipiga picha langoni nimeshika kiuno. Nyuma yangu kibao chenu kinasomeka vizuri kabisa, WASTANI, kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu. Jumamosi ukoo wote wa mke wangu unakutana nyumbani kwa mama kuzitazama picha za likizo kwenye televisheni. Komando ameshabadilishana zamu ili asikose. Kwa watu wale mimi ni mkwe wa kuheshimiwa: kabati likihamishwa naitwa mimi, kuku akichinjwa naitwa mimi. Nisipokuwa na cha kujitetea, wataniita Wastani. Na ukoo ule ukishakupa jina, unazikwa nalo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

(a) Kibao kipakwe upya kisomeke NGUMU, kipigwe picha, nitumiwe kabla ya Jumamosi.

(b) Mniandikie barua yenye mhuri kwamba kimekuwa hivyo siku zote, na kile cha mwanzo kilikuwa kosa la mpaka rangi.

(c) Njia za wastani zifutwe kabisa, kwenu na kwingineko. Anayechagua rahisi anajijua. Anayechagua ngumu amejitakia. Sisi wa wastani tunachagua kwa sababu shemeji anasikiliza, na ofisi yako inanufaika na udhaifu huo.

(d) Kama yote hayo hayawezekani, basi kilima chenyewe kipunguzwe. Pa kumwaga mchanga mnapo.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa yule dada wa langoni aliyeniletea maji garini akaniuliza kama kuna ndugu wa kupigiwa simu. Na yule mzee wa fimbo mbili akionekana, aambiwe salamu zake zilinifikia, zote mbili.

Wako anayechechemea,
Kinyozi wa duka la kona

Nyongeza: Mama mkwe amepita kutujulia hali, akasimama nyuma ya kiti changu akaisoma barua yote mpaka mwisho. Ameomba tu nimwongezee swali lake moja. Anauliza kama kuna mtu ameokota chupa ya kijani ya chai, kifuniko kimepasuka kidogo. Aliisahau kileleni.