Bega Langu na Zile Siku Kumi na Tano

Jumatatu, 20 Machi
Bega la kulia limeamka linauma. Ashukuriwe Mungu! Zimebaki siku kumi na tano. Sheria nimeisoma mwenyewe, sikusimuliwa: aliyeumizwa bega na sindano ya chanjo hulipwa fidia maumivu yakipita miezi sita. Mimi nilidungwa chanjo ya mafua tarehe 4 Oktoba, duka la dawa la hapa mjini, juu mno, karibu na mfupa. Binti aliyenidunga simlaumu. Fidia inatoka serikalini. Wisconsin hii, mtu akisoma sheria hafi maskini!

Ijumaa, 24 Machi
Balaa. Kristin, anayeninyoosha viungo kliniki, kaniinua mkono hadi juu ya kichwa. Maumivu hakuna! Nikapiga yowe kwa heshima ya sheria. Kauliza, Bwana Teske, unalia au unaimba? Jioni samaki wa Kwaresima kanisani. Nikala kwa mkono wa kushoto. Orville, hasimu wangu wa miaka kumi na tisa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji gazetini, akanipa pole: sasa Gordy, huo upuuzi wako utauandika kwa mkono gani? Darlene, mke wangu, akanitolea miba. Mke wa dhahabu.

Jumapili, 26 Machi
Dhamiri inanisuta. Kristin kanihangaikia miezi mitano, nami sijamshukuru hadharani. Hapa kwetu aliyesaidiwa huandika gazetini. Nimeandika. Darlene kasema, mzee, shukuru kimoyomoyo hadi Aprili. Nikamwambia shukrani haina uhusiano na kesi.

Alhamisi, 30 Machi
Barua yangu juu kabisa, ya Orville chini! “Kristin amenirudishia bega likiwa jipya.” Sentensi safi. Nikamtumia nakala wakili wangu, Bi. Feinberg, maana naye nimemshukuru humo. Kapiga simu. Kauliza kama Gordon Teske wa gazetini ni mimi au kuna mwingine. Mimi, nikasema kwa fahari. Kisha yeye: mzee wangu, siku tano zimekushinda? Sasa najua umepona, na mahakamani sisemi uongo. Kesi umeizika mwenyewe, tena kwa sahihi yako.

Ijumaa, 31 Machi
Kesi nimeiokoa! Mhariri ameshapata masahihisho yangu: bega halijapona hata kidogo, na ushahidi upo. Juzi, kwenye mashindano ya bowling, ya kuangusha pini za mbao kwa tufe zito, nilishika nafasi ya pili tu kati ya wanaume arobaini. Nimewashukuru wote walioshuhudia, kwa majina. Nakala moja kwa Bi. Feinberg. Nyingine kwa mawakili wa serikali, wasije wakajiona wametengwa.