Kitufe cha Kushoto cha Mzee Abdulmalik

Jumatatu, 8 Septemba

Kazi ya heshima imeniangukia! Mzee Abdulmalik, muuza mashuka wa Mtaa wa Sikukuu, ameingia koridoni kwetu mafundi na kopo la halua. Nikanawa mikono kabisa. Ndani hakuna halua. Kuna padi ya gemu ya zamani, ya waya, waliyoletewa yeye na mdogo wake Mohammed wakiwa watoto. Mashine yake ilishakufa. Mohammed anafika Jumamosi kutoka Muscat. Hawajasemezana miaka kumi na minane kwa sababu ya nyumba ya baba yao. Mzee hajui aanzie wapi maneno. Anataka wakae, wacheze kwa kupokezana kama zamani, basi.

Nikamwambia kwangu hiyo ni kazi ya saa mbili. Padi naiunga kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, saizi ya kitambulisho, kompyuta naiunga kwenye runinga, kwisha. Klara, fundi wa meza ya pili, akauliza kwa upole kama nitaanza kwa kupima na mita kila waya ni ya nini. Nilicheka kwa sauti ili wateja wake wasikie. Ametoka Masasi mwaka juzi tu na tayari ana foleni. Inaniuma.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefungua padi. Nimeduwaa. Vitufe vinane, waya tano! Nilihesabu mara tatu, ya nne nikamhesabisha Klara. Kumbe ndani kuna chipu, na kompyuta inaiuliza habari za kila kitufe kwa zamu: hiki kimebonyezwa? Na hiki? Vyote vinane, mara sitini kila sekunde, na chipu inajibu bila kuchoka. Kuna mtu alikaa mahali akalifikiria hilo kabla mimi sijazaliwa. Kifua kilinijaa.

Kwa furaha ile nikaunga. Nyekundu ni ya umeme, nani asiyejua? Kwenye padi hii, kumbe, siyo. Ukatoka moshi mwembamba, kama wa udi. Mzee alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, Mungu ni mwema. Aliporudi nikamwambia padi inapumzika.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango! Nimenunua padi mpya, kopi, umbo lilelile. Nitahamishia matumbo yake kwenye gamba la mzee. Tatizo ni mzee mwenyewe. Kariakoo mteja haachi kifaa kwa fundi; anakaa kwenye kigoda na kumkodolea macho, asije akabadilishiwa spea. Mzee amekaa tangu saa tatu asubuhi, kahawa mkononi, hapepesi. Nikamwambia dukani kwake wateja wamejaa. Akasema mkewe yupo. Nikamwambia Mnazi Mmoja wanagawa fulana. Akasema anazo. Macho yale nayaheshimu.

Saa nane akala pilau. Saa nane na nusu akasinzia. Dakika tatu zilinitosha! Matumbo ya zamani nikayatupa kwenye boksi la taka la Klara, ili ushahidi usionekane kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Inafanya kazi! Ndege ya kwenye gemu inakata kulia, inakata kushoto. Mzee akabonyeza mara mbili, akaiweka chini, akasema hii siyo yake. Nikaapa. Akaeleza taratibu kwamba kwenye padi yake kitufe cha kushoto hukwama. Mohammed alikuwa akifia hapo kila siku, akilalamika, na yeye akimwita mwongo mbele ya wenzao huku akijua ni kweli. Akazoea kumwita hivyo. Ukubwani akamwita mwongo kwa habari ya nyumba, na hapo pia Mohammed alikuwa mkweli. Alitaka kumwambia hayo padi ikiwa mkononi.

"Nirudishie matumbo yangu, Safari," akasema. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Nimejiona mdogo sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Boksi la Klara tupu! Gari la taka limeshapita. Nilikaa sakafuni, palepale, na suruali safi.

Kumbe Klara hatupi kitu. Bodi ya mzee ilikuwa kwenye droo yake. Chipu niliyoiunguza ameitoa, ameweka nyingine kutoka padi mbovu. Waya zote amezipima na mita, moja moja, na kuziandika kwenye karatasi. Ile nyekundu ilikuwa ya kupeleka majibu. Kitufe cha kushoto hakukigusa, maana jana alimsikia mzee. Niliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Sharti lake lilikuwa moja tu, nimwambie mzee ukweli wote. Nikamwambia. Karibu wote.

Jumamosi, 13 Septemba

Mohammed amefika. Mrefu, kanzu nyeupe, salamu fupi. Wakakaa kwenye vigoda viwili bila kutazamana. Mohammed akaanza. Dakika moja tu, mlima huo mbele, akabonyeza kushoto, ndege ikagoma, akafa. Akafungua mdomo, akaufunga, akampa kaka yake padi. Mzee naye akafia palepale.

Mzee akasema, wote tukisikia: "Kinakwama, Mohammed. Siku zote kilikuwa kinakwama. Na ile nyumba pia ulisema kweli. Nisamehe, ndugu yangu."

Mohammed akanyoosha mkono, akasema ni zamu yake.

Walicheza mpaka alasiri, wakifa, wakicheka, wakifuta macho. Mimi nililia waziwazi. Waya tano tu, na yote yale yamepita humo! Sijawahi kuona kazi kubwa namna hii, na nusu yake ni yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefikiri sana. Kilichowapatanisha ni kitufe kibovu. Klara anajua kutengeneza, sawa. Lakini Kariakoo nzima nani anajua kuharibu kama mimi? Hakuna! Nimenunua padi kumi mpya na nimeshakwaruza vitufe vya kushoto vya tisa. Bango nimeshatundika: PADI ZA UPATANISHO.

Wateja wa kwanza nimewachagua mwenyewe, Beno muuza chipsi na mkewe Stella. Kuna tatizo dogo. Wanapendana mno, hawajawahi kununiana hata siku moja. Kesho asubuhi nitapita kwao nianze na hilo.